Nyutro Imekatika, Breka Imenyamaza: Hatari Iko Wapi?

Swali: "Nyumba yangu ina umeme wa fezi tatu. Juzi jioni mke wangu alipowasha birika la umeme jikoni, taa za sebuleni ziliwaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, na za vyumbani zikafifia. Haikupita dakika, televisheni ikatoa moshi na chaja mbili za simu zikapasuka. Hakuna breka hata moja iliyokata. Fundi alikuja akasema nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, ilikuwa imelegea, akakaza skrubu kwenye bodi. Sasa anashauri tuiunge nyutro na nondo ya ethi, ile iliyopigwa ardhini nje, ili ikitoka tena kuwe na njia nyingine. Je, breka zangu ni mbovu? Na ushauri huo niufuate?"

Jibu: Ndugu msomaji, breka zako hazina kosa. Ushauri wa nondo usiufuate, na sababu zake nitakuonyesha kwa hesabu. Lakini kabla ya hayo yote, usihesabu kazi imekwisha kwa kuwa skrubu imekazwa na taa zimerudi sawa. Nyutro inayolegea kwenye bodi mara nyingi huwa imelegea na mahali pengine, na kilichoungua kwako ni televisheni. Katika hitilafu ya namna hii kinachoweza kuungua kingine ni mtu.

Tuanze na kilichotokea. Katika transfoma ya fezi tatu, koili tatu hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo nyutro inapoanzia na kuunganishwa na ardhi. Kati ya fezi yoyote na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Taa, televisheni na birika vyote vimetengenezwa kwa volti 230, kwa hiyo kila kimoja kimefungwa kati ya fezi yake na nyutro. Nyutro ndiyo inayoshikilia hiyo 230. Matumizi ya fezi tatu yakilingana, mikondo yake hufutana na nyutro haibebi karibu chochote. Yasipolingana, tofauti hurudi kwa nyutro. Ndiyo maana nyutro mbovu inaweza kukaa miezi bila mtu kuigundua, halafu siku moja birika likawashwa na mambo yakaharibika papo hapo.

Nyutro ikikatika, vifaa vya ndani bado vimeungana vyenyewe kwa vyenyewe kwenye kipande cha nyutro kilichobaki nyumbani, ila kipande hicho hakijashikwa na kitu. Umeme unaotoka fezi moja unapita kwenye birika, unafika kwenye nyutro ya nyumba, unakosa njia ya kurudi, basi unaingia kwenye televisheni kinyumenyume na kutokea fezi ya pili. Birika na televisheni sasa vimekuwa mfululizo mmoja, vikigawana volti 400 badala ya kila kimoja kupata 230 yake.

Hugawanaje? Kila kimoja kwa kadiri ya ukinzani wake, yaani kinavyouzuia umeme kupita. Birika la wati 2000 lina ukinzani wa takriban omu 26. Televisheni na taa chache zenye jumla ya wati 100 zina takriban omu 529. Ukiziweka mfululizo kwenye volti 400, mkondo unaopita ni kama ampea 0.72. Birika linapata volti 19 tu na maji hayapati hata uvuguvugu. Televisheni inapata volti 381. Nimeiacha fezi ya tatu ili hesabu iwe nyepesi. Ukiiingiza, tarakimu zinabadilika lakini sura inabaki ileile: penye mzigo mkubwa volteji inaanguka, penye mzigo mdogo inapaa. Jikoni na vyumbani kwako bila shaka ni fezi moja, sebule ni nyingine.

Hali halisi ni mbaya kuliko hesabu hiyo, kwa sababu televisheni na chaja si kama waya wa hita. Vifaa vya elektroniki vikipewa volteji kubwa hupunguza mkondo vinaouvuta, maana yake ukinzani wao unaonekana kuongezeka na mgao wao wa volti unazidi kupanda. Ndani yake kuna kapasita, sehemu inayohifadhi umeme kwa muda, ambayo kwa kawaida imetengenezwa kuhimili volti 400 za mkondo mnyoofu. Kwenye 230 ya kawaida kapasita hiyo hukaa na volti kama 325, ambazo ndizo kilele cha wimbi la umeme huo. Kwenye 381 inapelekewa karibu 540. Mlio uliousikia kwenye chaja ni huo.

Na kuna kitu watu hawakitarajii. Kifaa kinapoungua, hitilafu haiishii hapo. Kikifa kwa kukatika, mzigo wa fezi hiyo unapungua na vilivyobaki vinapata volti zaidi. Kikifa kwa kushikana ndani, kinaivuta nyutro ya nyumba hadi kwenye fezi yake, na kwa kitambo hicho fezi nyingine mbili zinapata volti 400 kamili, hadi fyuzi ya kifaa iungue au breka ikate. Kwa hiyo vitu huungua kwa kufuatana, na ndiyo sababu ya kukimbilia mein swichi kwanza. Mtu anayezunguka nyumba akichomoa plagi moja moja sebuleni anavipunguza vile vinavyogawana volteji kubwa, na kilichobaki cha mwisho ndicho kinachoumia zaidi.

Sasa breka. Breka ya kawaida inapima mkondo. Haijui volti ni ngapi. Mkondo wa ampea 0.72 kwenye breka ya ampea 16 ni matumizi ya kawaida kabisa kwake; ingeona hivyohivyo mtu akiwasha taa chache. Kwa macho ya breka, jioni ile nyumba yako ilikuwa inatumia umeme kidogo kuliko siku nyingine. Kubadilisha breka zote, kama wengine wanavyoshauriwa baada ya tukio la aina hii, ni kutupa fedha.

Upande ulioshuka volteji nao hauko salama, ingawa hausikiki. Hita haijali volti kidogo, lakini mota inajali sana. Kompresa ya friji ikipewa volti 120 inashindwa kuzunguka, inabaki ikinguruma na kuvuta mkondo mwingi kupita kiasi hadi kinga yake ya joto ikate, ipoe, ijaribu tena. Ikirudia hivyo usiku kucha, koili zinaungua. Kama friji yako ilikuwa upande wa jikoni, isikilize siku za kwanza utakapoiwasha tena.

Nikija kwenye miili ya watu, ambako ndiko ninakotaka usome polepole. Tuchukue kwanza nyumba yenye fezi moja, kwa sababu jirani zako wengi huenda wako hivyo. Nyutro ikikatika kwenye bodi au kwenye waya unaoingia kwa nyumba hiyo peke yake, kila kitu kinazima. Watu wanadhani umeme umekatika. Haujakatika. Fezi ipo, inapita kwenye kila taa na kifaa ambacho swichi yake imeachwa ikiwa imewashwa, na kuijaza nyutro yote ya nyumba. Ukichomeka tesita kwenye soketi, inawaka kwenye matundu yote mawili, jambo linalowababaisha hata mafundi wachanga hadi waanze kutafuta mahali fezi ilipogusana na nyutro. Haikugusana popote. Umeme umepita kwenye balbu. Akija mtu akaishika nyutro kwa imani kwamba nyutro haipigi, mwili wake ndio unakuwa njia ya kurudi ardhini. Balbu ya zamani ya wati 60 ina ukinzani wa omu 880 hivi inapowaka. Ukijumlisha na mwili wa mtu wenye omu 1500, mkondo unakuwa karibu miliampea 97. Vifaa vya kulinda uhai huwekwa vikate kwenye miliampea 30, kwa sababu juu ya hapo moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Hiyo ni balbu moja. Birika halizuii hata kidogo.

Baya zaidi ni maganda ya chuma ya vifaa. Hapa lazima ujue ethi yako inatoka wapi, kwa maana kuna mifumo miwili inayokutana sana majumbani. Katika wa kwanza, waya wa ethi wa nyumba unakwenda kwenye nondo iliyopigwa ardhini na haugusani na nyutro popote ndani ya nyumba. Hapo nyutro ikikatika, vifaa vinaungua lakini maganda yake hayapati umeme kwa sababu hiyo. Katika wa pili, waya mmoja kutoka kwa mtoa umeme unafanya kazi mbili, nyutro na ethi, kisha unagawanywa karibu na mita. Waya huo ukikatika kabla ya kugawanywa, nyutro ya nyumba inapanda volti na kuipandisha ethi pamoja nayo. Ganda la friji, la mashine ya kufulia, la hita ya maji, bomba lililounganishwa na ethi, vyote vinapata umeme kwa pamoja na kwa wakati mmoja. Mtu akiwa ndani, amezungukwa na vyuma vyenye volti sawa, anaweza asihisi kitu. Anayekanyaga udongo mtupu nje na kushika bomba la bustani ndiye anayepigwa.

Utaniuliza: si kuna ile RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja? Ipo, na kila nyumba inastahili kuwa nayo, lakini ielewe mipaka yake. RCD inalinganisha mkondo unaotoka kwa fezi na unaorudi kwa nyutro, vikitofautiana, inakata. Katika hitilafu niliyoeleza sasa hivi, mkondo unatoka kwa fezi kupitia RCD, unapita kwenye kifaa, unarudi kwa nyutro kupitia RCD ileile, halafu ukishatoka nje ya RCD ndipo unapogeukia ethi na kurudi ndani kwenye ganda la friji. RCD imehesabu kutoka na kurudi, ikaona sawa. Haikati. Hata ingekata, haikati waya wa ethi, na ethi ndiyo iliyobeba hatari, labda kutoka kwa jirani mnayetumia laini moja. Isitoshe, ziko RCD za kielektroniki ambazo zenyewe zinahitaji fezi na nyutro ili zifanye kazi. Nyutro ikikatika kabla yake, hulala usingizi, na mtu akigusa waya hazimsaidii. Zile zinazofanya kazi kwa sumaku pekee hazina udhaifu huo, nami ningechagua hizo kila mara.

Kwa hiyo mtu yeyote nyumbani akisema bomba au friji "inamwasha" vidole, hilo ni jambo la kuzima mein swichi na kuita fundi saa hiyohiyo, hata kama taa zote ziko sawa. Ukiisha kuzima na bomba bado linawasha, tatizo liko nje ya nyumba yako: zuia watu wasiguse vyuma na mpigie mtoa umeme kama dharura.

Sasa ushauri wa fundi wako. Wazo lake linaeleweka: transfoma imeungwa na ardhi, nyumba ina nondo, basi ardhi iwe nyutro ya akiba. Kasoro ni ukinzani wa udongo. Nondo moja ya nyumbani inaweza kuwa na omu 20, na kwenye udongo mkavu au wa mchanga ikawa na zaidi sana. Chukua hiyo 20, uwashe birika moja la wati 2000 kwenye volti 230 huku nyutro ya kweli imekatika. Jumla ya ukinzani ni omu 46, mkondo ni kama ampea 5, na nondo yako inapanda hadi volti 99 juu ya ardhi ya mbali. Kwa kuwa nondo hiyohiyo ndiyo ethi ya nyumba, kila ganda la chuma ndani lina volti 99. Breka haikati kwa ampea 5. Taa zinaendelea kuwaka kiasi, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Fundi atakuwa amechukua hitilafu iliyokuchomea televisheni na kuigeuza kuwa hitilafu ya kimya inayongoja mtu mwenye miguu mitupu. Kuunga nyutro na ethi ni uamuzi wa mfumo mzima wa mtoa umeme, hufanywa mahali alipopanga yeye na kwa namna aliyopanga yeye. Kama tayari ameunga, aufungue huo waya leo, umeme ukiwa umezimwa.

Kulegea kwenyewe kulitokana na nini? Mara nyingi ni alumini. Waya mwingi wa nje ni wa alumini, na alumini ikibanwa na skrubu hunywea polepole, tena hujifunika utando usiopitisha umeme. Ikigusana na shaba penye unyevu inaliwa haraka, ndiyo maana kuna viunganishi maalumu vya metali mbili. Kiungo kikianza kulegea kinapata joto, joto linakilegeza zaidi. Kiungo chenye ukinzani wa nusu omu, kikipitiwa na ampea 20, kinatoa wati 200 za joto mahali padogo kuliko kidole gumba. Hicho ni chanzo cha moto ukutani kabla hata nyutro haijakatika kabisa. Sababu nyingine ni tawi lililoangukia laini, wezi wa shaba, na swichi ya kuhamisha umeme kwenda kwenye jenereta inayoachia nyutro kabla ya fezi. Swichi hiyo ikiwa ya ncha nne, yaani inayohamisha fezi tatu pamoja na nyutro, nyutro iwe ya mwisho kuachia na ya kwanza kushika. Nyutro isiwekewe fyuzi yake peke yake wala breka yake peke yake, popote. Tena vifaa vya elektroniki vina tabia ya kurudisha mikondo ambayo haifutani kwenye nyutro bali hujumlishana, hivyo penye kompyuta na taa za LED nyingi, nyutro inaweza kubeba zaidi ya fezi. Wanaotumia waya mwembamba kwenye nyutro kwa madai kwamba "haibebi kitu" wanafuata somo la zamani.

Kinga ya vifaa ipo, nayo si ile soketi ya kuzuia radi. Ile imetengenezwa kwa mshtuko wa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ukiipa volti 380 kwa dakika nzima inaungua, wakati mwingine kwa moto. Unachohitaji ni kifaa cha kusimamia volteji kinachokata volti zikipita takriban 265 au zikishuka chini ya 180 hivi, na kusubiri kidogo kabla ya kurudisha. Kwa nyumba ya fezi tatu, kiangalie kila fezi dhidi ya nyutro na kikate zote tatu kwa pamoja. Kabla ya kununua, hakikisha chenyewe kimeandikwa kuhimili volti 400 kati ya fezi na nyutro, la sivyo kitakuwa cha kwanza kuungua. Na usisahau nilichosema juu ya maganda ya chuma: kifaa hiki kinaokoa televisheni. Waya wa ethi hakikati.

Marekani na kwingineko kwenye mfumo wa volti 120 na 240, mambo ni yaleyale kwa tarakimu nyingine: pande mbili za nyumba zinagawana 240, na upande wenye mzigo mdogo unaweza kupata 200 na zaidi.

Kwako, kabla ya kurudisha maisha ya kawaida, mwite fundi mwenye leseni na uulize jirani zako kama taa zao zilifanya vivyo hivyo jioni ile. Kama ndiyo, kasoro iko kwenye laini na skrubu ya bodi yako haihusiki. Mtoa umeme ndiye wa kuitengeneza. Kama ni kwako peke yako, kila kiungo cha nyutro kikaguliwe umeme ukiwa umezimwa, kuanzia kwenye bodi hadi kwenye mita, na sehemu ya kabla ya mita aifungue mtoa umeme mwenyewe. Waya uliobadilika rangi kwa joto usikazwe tu, ukatwe hadi penye metali safi. Friji na vifaa vingine vilivyonusurika usivichomeke bado.

Kisha mwambie apime akiwa ameweka mzigo. Hapa wengi hukosea: multimita ya kidijitali kwenye nyumba isiyotumia umeme inaweza kuonyesha 230 nzuri kwenye fezi zote tatu hata nyutro ikiwa imeshikwa na uzi mmoja. Apime fezi zote kwa nyutro bila mzigo, aandike. Awashe hita au birika kwenye fezi ya kwanza pekee, apime tena zote tatu, halafu ahamie ya pili na ya tatu. Nyutro ikiwa nzima, fezi yenye mzigo itashuka volti chache na nyingine mbili hazitapanda zaidi ya volti moja au mbili. Moja ikishuka kwa volti 10 na nyingine zikapanda kwa kama nusu ya hizo, bado kuna kiungo kibovu, na mein swichi ibaki chini hadi kipatikane.